Kwangu ni Hapa, Kwetu ni Wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mlioketi hapa mbele, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naomba nianze kwa kutoa kitambulisho changu mfukoni. Upande wa mbele kuna jina na picha. Ukikigeuza, utakuta nyuma kumeandikwa wilaya ya Siaya, kule Ujaluoni magharibi mwa Kenya, halafu tarafa, halafu kata, halafu kata ndogo. Mimi nilizaliwa Changamwe, hapa Mombasa, mwaka 1973. Nimesoma Changamwe, nimeoa Jomvu, watoto wangu wote wamezaliwa Mombasa. Kufikia siku ile niliyochukuliwa alama za vidole, siku nilizowahi kulala katika kata ndogo iliyoandikwa hapa hazikufika 40, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za matanga.

Karani aliyenijazia fomu alikuwa mtu mpole. Aliniuliza, "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia Changamwe. Akatikisa kichwa, akarudia taratibu, "Hapana. Kwenu." Nikamtajia Siaya, akaandika, na kazi ikaisha. Hakunitukana wala hakuniomba chochote. Lakini neno lile alilolirudia nimelibeba tangu mwaka 1991, na leo nimekuja kulitua mbele yenu.

Nimeulizwa niseme kama kuwa mtu wa mahali fulani ni jambo la hakika, kama vile mto ulivyo mahali ulipo, au ni hiari ya mtu, kama anavyochagua shati. Mimi ni mwalimu wa jiografia na Kiswahili. Jiografia ilitaka kunijibu upesi: zaliwa hapa, kaa hapa, weka alama kwenye ramani. Kiswahili ndicho kilichonizuia.

Sikilizeni tunavyosema. Mtu akijenga chumba Mikindani atakwambia, "Njoo kwangu jioni." Mtu huyohuyo ukimuuliza asili yake, hata akiwa peke yake stendi, hana mke, hana ndugu, atasema, "Kwetu ni Voi." Hasemi kwangu ni Voi. Akisema hivyo utadhani amejenga Voi. Hata mtoto wa pekee, aliyefiwa na wazazi wote wawili, husema kwetu. Kwangu ni mahali ninapolipia kodi au nilipojenga. Nikitaka nahama kesho. Kwetu kuna watu ndani yake, na watu hao wako ndani ya neno lenyewe, huwezi kuwatoa ukabaki na kitu. Ndiyo maana naona swali nililopewa limekatwa vibaya. Linaniuliza mimi na mahali, basi. Halimtaji mtu wa tatu, yule anayesikia nikisema kwetu na kuitikia, au kunyamaza.

Nilianza kuliona hili nikiwa na miaka 13, kwa sababu ya maiti.

Wazee wa rika langu mnakumbuka. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa mtu wa Nairobi kwa kila jicho: wakili mashuhuri, msomaji wa Shakespeare, aliyelea watoto wake mjini. Mkewe, Wambui Otieno, alitoka katika ukoo wa Waiyaki, mwanamke wa Kikuyu aliyeshiriki harakati za uhuru, na alisema mumewe alitaka kuzikwa shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda, ikarudi, ikapanda rufani. Mwili ukakaa mochari siku 154.

Changamwe kila nyumba yenye redio ilikuwa mahakama. Baba yangu alifanya kazi bandarini, na jioni wanaume walikaa kibarazani petu wakisikiliza taarifa ya habari: baba, jirani yetu Mgiriama, mzee mmoja wa Kiswahili kutoka Jomvu Kuu, na fundi cherehani Mkamba. Mawakili John Khaminwa wa mjane na Richard Kwach wa ukoo walijulikana kwetu kama wachezaji wa mpira. Siku profesa Odera Oruka, mwanafalsafa, alipotoa ushahidi juu ya mila za Kijaluo, baba alinyamazisha kibaraza kizima. Na siku mchimba kaburi aliposimama kizimbani kueleza aliyowahi kuambiwa na marehemu, hakuna aliyehitaji kunyamazishwa.

Jambo lililobishaniwa zaidi ndilo hilihili letu. Kijaluo kina maneno mawili. *Ot* ni nyumba, kuta na paa. *Dala* ni boma, pale baba yako alipokusimamisha ukajenga, pale kitovu na kaburi vinapokutana. Hoja ya ukoo ilikuwa kwamba Matasia marehemu alikuwa na *ot*, na mtu hazikwi kwenye *ot*. Mzee wa Jomvu Kuu alipofafanuliwa hayo alisema, "Kumbe ni kwangu na kwetu." Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari la hesabu. Sikuandika hesabu tena jioni ile.

Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake kwa namna tu anavyoishi. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mjane hakuhudhuria.

Baba alifurahi. Fundi Mkamba akatoa methali, "Mkataa kwao ni mtumwa," na wote wakaitikia isipokuwa mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele. Mama aliuliza swali moja tu: "Na yule mama aliyelala naye miaka yote, yeye si kwao?" Hakujibiwa. Nimekuwa nikijaribu kulijibu mimi.

Kwa maana wazee wale walishinda kesi kwa kusema kwetu ni hakika, haibadiliki. Na mimi darasani, ramani ikiwa ukutani, sioni hakika ya namna hiyo. Mpaka wetu na Tanzania ulianza na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, wakachora mstari kutoka baharini karibu na Vanga kuelekea ziwani. Wadigo wakajikuta wako pande zote mbili, na babu aliyelala Mdigo akaamka na nchi mbili. Jina Mijikenda tunalitamka kana kwamba lilishuka na mvua ya kwanza, lakini lilishika katika miaka ya 1940, pale Wagiriama, Wadigo, Warabai na ndugu zao walipokataa kuitwa Wanyika na kuamua kujiita kwa miji yao tisa. Kalenjin vilevile ni neno la enzi hiyohiyo, maana yake "nakwambia", na John Chemallan ndiye aliyelizoesha masikioni mwa watu kwa kulitumia redioni wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hapo jirani Unguja na Pemba, sensa ya 1924 ilihesabu Waswahili kwa maelfu. Miaka saba baadaye wengi mno kati yao walikuwa wamejiandikisha kwa majina mengine, Washirazi na makabila ya visiwani. Watu hawakuwa wamehama. Walibadilisha jibu.

Simaanishi kwamba majina hayo ni ya uongo. Mgiriama anayesema mimi ni Mmijikenda anasema kweli tupu. Ninachosema ni kwamba ukweli huo una siku ya kuzaliwa, na walikuwepo watu walioukubali kwa pamoja.

Basi ni hiari? Hapo ndipo nawageukia vijana, kwa sababu najua wengi wenu mngependa niseme ndiyo. Mnaniambia darasani, "Mwalimu, mimi ni wa Mombasa kwa sababu nimeamua." Nawapenda kwa hilo. Lakini nilikuwa na miaka 24 mwezi Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, na vikaratasi vikatupwa vikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Watu zaidi ya 100 waliuawa. Maelfu walikimbia, wengine walikaa wiki nyingi kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni na vyungu na magodoro yao. Mimi nilikuwa nimeamua siku nyingi kwamba mimi ni wa hapa. Uamuzi wangu haukuwa na uzito wowote mbele ya mtu mwenye panga aliyeuliza kwa neno lilelile la yule karani mpole: kwenu ni wapi?

Jirani yetu Mgiriama, yule wa kibarazani, alikuja usiku wa pili. Akaketi mlangoni petu na rungu, akalala palepale kwenye mkeka, akarudi tena kesho yake na kesho kutwa. Mtu akipita na kuuliza, alijibu, "Hawa ni wetu." Hakusema ni wazuri, hakusema ni raia, hakutaja katiba. Alisema wetu. Ndugu zangu, mimi nina vyeti vingi, lakini cheti changu cha kuwa mtu wa Mombasa ni sauti ya mzee yule mlangoni.

Na mzee huyo, lazima niseme, hakuwa na hati ya ardhi aliyozaliwa juu yake. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe umiliki mbele ya ofisi za wakoloni. Waliojua ofisi hizo walipata karatasi, na wengi wa wenyeji wakabaki bila chochote, wakageuzwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kwa hiyo mkisikia hasira ya mpwani juu ya wageni, msiifanye kuwa chuki tu. Neno mwenyeji limebeba mji ndani yake, mwenye mji. Chukua mji umwachie jina peke yake, uone kama atanyamaza. Mtu ambaye hakuna anayebisha kwamba ni wa hapa, hata jiwe linamjua, na bado hana mahali: hapo hakika imekuwepo na haikumsaidia.

Sasa niwapeleke Kwale na Kilifi, kwa watu ambao swali hili halikuwa la kibarazani kwao.

Wamakonde wa Kwale walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930, wakaletwa na kazi za mashamba ya mkonge na miwa. Wengine wakafuata baadaye wakikimbia vita. Wakazaa, wakazika, wakachonga mipingo, wakaoana na Wadigo. Uhuru ukaja 1963 na haukuwakuta kwenye orodha. Fikirieni maisha bila kitambulisho: huwezi kufungua akaunti, huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kupiga kura, ukikutana na polisi usiku huna la kuonyesha. Mwezi Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaagiza wapewe vitambulisho ifikapo mwezi Desemba. Wakaitwa kabila la 43 la Kenya.

Sisi tuna adabu ya hodi. Anayebisha hodi ndiye aliyechagua kuja, hilo ni lake. Kuitikia "karibu" si lake, ni la waliomo ndani. Na adabu inasema ukibisha mara tatu kimya, ondoka. Wamakonde walibisha hodi miaka 80. Hawakuwa na pa kuondokea, kwa sababu nyumba waliyokuwa wakiibishia hodi ndiyo waliyozaliwa ndani yake.

Wapemba nao. Wavuvi, wengi wako Kilifi, Kwale, Mombasa na Lamu. Kuna waliofika na ngalawa kufuata samaki kabla ya mipaka kuwa na maana, na waliokimbia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Waliijua miamba yote kutoka Shimoni hadi Malindi lakini leseni ya uvuvi hawakuipata, samaki wao waliuzwa kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi. Na tazameni jina lenyewe! Wametambuliwa kuwa ni watu wa Kenya kwa jina la kisiwa kilichoko Tanzania. Jina linaonyesha kidole ng'ambo ya bahari, makaburi yako hapa. Sioni ubaya wowote. Waulizeni akina mama wa Kipemba kule Kilifi kwao ni wapi, watawajibu bila kupepesa jicho kwamba kwao ni hapa na asili ni Pemba. Asili na kwetu ni vitu viwili, na ofisi nyingi zimeumiza watu kwa kuvifanya kimoja.

Mfano wa mwisho ni wa Tanzania, na kwangu huu ndio mzito kuliko yote, kwa sababu ni mara chache serikali imewauliza watu swali letu waziwazi, mtu mmoja mmoja, na kuandika majibu.

Mwaka 1972 Warundi kwa makumi ya maelfu walikimbia mauaji kwao wakaingia Tanzania. Walipewa msitu: Katumba, Mishamo, Ulyankulu. Msitu wa ndorobo na nyuki. Wakaufyeka, wakalima mahindi na tumbaku, wakalisha majirani. Mwaka 2007 wakaulizwa: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia? Wachache, kama mtu mmoja kati ya watano, walichagua kurudi. Waliobaki wakaomba, na zaidi ya watu 162,000 wakapewa uraia. Haijawahi kutokea jambo la ukubwa huo mara nyingi duniani, na nasema nikiwa Mkenya mwenye wivu.

Lakini kulikuwa na sharti. Makazi yafungwe, na raia wapya watawanywe katika mikoa mbalimbali wakachanganyike. Hesabu ya ofisini inaeleweka: umechagua Tanzania, Tanzania ni kubwa, utapelekwa Mtwara au Tanga, kote ni Tanzania. Watu wakakwama. Walikuwa wamesema ndiyo kwa nchi, lakini midomoni mwao ndiyo hiyo ilikuwa na maana ya Mishamo: kisima kile, kanisa lile, mwembe alioupanda marehemu baba, jirani Mbende anayejua jina la mtoto. Vyeti vikakaa miaka bila kutolewa. Mwaka 2014 ndipo vilipoanza kugawiwa, na watu wakaruhusiwa kubaki palepale walipofyeka.

Nalitazama jambo hilo na namkumbuka mama na mchele wake. Warundi wale hawakuchagua mahali kama mtu achaguavyo shati. Walifukuzwa na risasi na kupelekwa na malori. Na hawakuwa na hakika ya kuzaliwa, si kizazi cha kwanza. Kilichowafanya watu wa Mishamo ni miaka ya kutendeana: nimekukopesha jembe, umenizikia mtoto, tumegombana mpaka wa shamba na tukapatana. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunaisema kumcheka mgeni anayekaa sana. Isikilizeni upya. Jembe linatolewa na mwenyeji. Halichukuliwi.

Ndiyo maana sitawaambia vijana wangu kwamba kujichagulia ni bure. Kubisha hodi ni lazima kuanzie kwako. Anayeishi Mombasa miaka 30 akiiita kituo cha kazi asishangae hakuna aliyemwita wetu. Wala sitawaambia wazee wangu kwamba damu si kitu. Ninachowaomba nyote, mliowahi kukaa kwenye kamati za kuhakiki wanaoomba vitambulisho, mnaoandika barua za chifu, mnaoulizwa na polisi "huyu mnamjua?", ni kwamba mjue uzito wa mdomo wenu. Mtu aweza kuwa na ukweli wake wote na uamuzi wake wote, na bado akalala nje, mpaka mmoja wenu aseme anamjua.

Nimalizie na mama. Baba alifariki mwaka 2009, tukamzika Siaya, kwenye *dala* yake, kama alivyotaka. Mama akabaki kule. Miaka yote ya Changamwe alikuwa akisema "kwangu" akimaanisha vyumba vyetu viwili, na "kwetu" akimaanisha kule kijijini, nasi watoto wake akitujumlisha humo. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi nilimpigia simu. Tukasalimiana, akaniuliza wajukuu, akaniuliza shule. Halafu akasema, "Na huko kwenu mvua imeshanyesha?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, "Mama, huku Mombasa?"

Akasema, "Ndiyo, huko kwenu."

Ahsanteni sana.